Tabora ya Majini, Liemba ya Relini

Mwaka 1912 reli ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora. Mwaka huohuo, katika karakana za Blohm & Voss mjini Hamburg, ilikamilika meli ya abiria ya mvuke yenye ujazo wa tani zipatazo 8,000, na ubavuni pake pakaandikwa jina la mji huo. Mji uliozungukwa na miombo na mbuga, zaidi ya kilomita 800 za reli kutoka pwani, ukawa na jina lake baharini.

Miaka 19 tu kabla ya hapo, Januari 1893, Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwasha baruti ndani ya boma lake hapo Tabora, akichagua kufa kuliko kukamatwa na askari wa Kijerumani. Waliochagua jina la meli hawakuwa wakimkumbuka yeye. Walikuwa wakitangaza kwamba mji umekwisha kuwa wao. Kwa mtu wa Bukene, Nzega, Sikonge au Urambo, habari za meli hiyo ni sehemu ya historia yetu, ijapokuwa wazee wetu hawakuiona. Shehena zilizoijaza meli kama hiyo zilitoka kwenye ardhi yao, na mara nyingi juu ya mabega yao.

Meli ya Tabora ilikuwa mali ya Deutsche Ost-Afrika Linie, kampuni iliyoundwa mwaka 1890 kwa msaada wa fedha za serikali ya Ujerumani ili barua, maofisa, walowezi na bidhaa zisafiri kwa meli za Kijerumani bila kutegemea za Waingereza. Meli zake zilitoka Hamburg, zikapita Mfereji wa Suez, zikatia nanga Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, na nyingine zikaendelea kuzunguka bara zima kupitia Afrika Kusini. Zilikuwa na vyumba vya daraja la kwanza kwa magavana na wenye mashamba. Zikirudi Ulaya, ngama zilijaa katani, ngozi, karanga, pembe za ndovu na nta. Nta ile ilikuwa ya nyuki wa miombo ya Unyamwezi, iliyopakuliwa kwenye mizinga ya magome iliyotundikwa mitini.

Kabla ya reli, mali hiyo ilibebwa na watu. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Tabora, na hapo ikagawanyika: tawi moja likaelekea magharibi hadi Ujiji, jingine likakata kaskazini kupitia nchi tunayoiita leo Nzega na Kahama kuelekea Usukuma na Ziwa Viktoria. John Hanning Speke alifuata upande huo wa kaskazini mwaka 1858, akimwacha Richard Burton Tabora, na mwezi Agosti akaliona ziwa. Mpagazi alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na kidogo, mbali na chungu chake cha kupikia, mkeka na silaha. Safari ya kwenda pwani ilichukua takribani miezi mitatu. Wanyamwezi waliifanya kazi hiyo kwa ustadi uliojulikana kote. Walikuwa na viongozi wao wa misafara, walijadiliana ujira na posho, na waliweza kugoma katikati ya njia masharti yakivunjwa. Kijana asiyewahi kwenda pwani aliona tabu kuhesabiwa mtu mzima mbele ya wenzake.

Reli ilikifuta kipaji hicho ndani ya miaka michache. Wengi wa wapagazi hao waliingia kwenye ujenzi wenyewe, wakichimba tuta na kulaza mataruma yaliyokuja kuchukua kazi yao. Februari 1914 reli ilifika Kigoma, kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam. Serikali ya kikoloni ikapanga maonyesho makubwa Dar es Salaam mwezi Agosti mwaka huo kusherehekea ushindi huo wa chuma. Agosti ilipofika, Ulaya ilikuwa vitani.

Wakati huo meli ya pili ilikuwa imekwisha tengenezwa. Karakana ya Meyer huko Papenburg, kaskazini magharibi mwa Ujerumani, iliijenga mwaka 1913 kwa ajili ya Ziwa Tanganyika. Ilikuwa na urefu wa takribani mita 70 na upana wa mita 10. Waliiunganisha kwanza hapo kiwandani ili kuhakikisha kila bamba limekaa mahali pake, kisha wakaifungua kipande kwa kipande, wakatia namba, wakaifunga ndani ya makasha yapatayo 5,000. Makasha yakapelekwa Hamburg, yakapakiwa melini hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo yakapanda reli kwenda Kigoma. Yote yalipita Tabora.

Fikiria mzigo huo ungekuwa wa mabega. Hata tukikadiria tani 1,000 tu, kwa kilo 30 kila mtu, wangehitajika wapagazi zaidi ya 33,000. Tena si kila kitu kingegawanyika. Bamba la ubavu linaweza kubebwa na watu kumi kwa kupokezana, lakini boila halikatwi vipande vya frasila mbili. Meli ndogo za kwanza za ziwa lile zilipelekwa kwa njia nyingine: ile ya Wamisionari wa London iliyoitwa Good News, na ile ya Kijerumani iliyoitwa Hedwig von Wissmann, zilipitishwa upande wa Ziwa Nyasa. Meli ya ukubwa wa ile ya Papenburg isingefika ziwani bila reli. Hiyo ndiyo sababu naiita meli ya relini.

Mafundi watatu wa Papenburg, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walikuja nayo kuiunganisha upya. Majina yao yamehifadhiwa vizuri, na barua za Rüter kwa wakuu wake zilitunzwa. Waliofanya kazi nao, mafundi wa Kihindi na vibarua wengi wa Kiafrika, wanatajwa kwa ujumla tu. Lakini tujue kazi yenyewe ilivyokuwa. Bamba la chuma liliunganishwa na jingine kwa ribiti. Mmoja alizipasha moto zikawa nyekundu, mwingine akazidaka kwa koleo na kuzipenyeza tunduni, wa tatu akazizuia kichwa kwa nondo nzito upande wa ndani, wa nne akazigonga upande wa nje kabla hazijapoa. Ribiti ikipoa husinyaa, na kule kusinyaa ndiko kunakobana mabamba mawili yasipitishe maji. Ikigongwa kwa uvivu, inavuja. Maelfu kwa maelfu ya ribiti za aina hiyo ziligongwa Kigoma juani, na watu ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kuona chombo kikubwa kuliko mtumbwi wa ziwani. Ubora wa kazi hiyo umepimwa na maji kwa zaidi ya miaka 100.

Meli iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915, na Juni mwaka huo ikaanza safari. Iliitwa Graf von Götzen, kwa jina la gavana aliyekuwa madarakani Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905, ambaye chini ya utawala wake majeshi yalichoma ghala na mashamba kusini hadi njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Sioni haya kusema kwamba jina hilo lilistahili kufutwa, na ni vizuri lilifutwa: leo tunaiita meli hiyo Liemba.

Sasa turudi Dar es Salaam, ambako meli ya Tabora ilikuwa imekwama. Vita vilipoanza, manowari za Uingereza zilitawala bahari, na meli ya abiria ya Kijerumani isingeweza kutoka bandarini bila kutekwa. Ikapakwa alama za hospitali, wagonjwa wakalazwa ndani. Waingereza waliitilia shaka. Tarehe 28 Novemba 1914 waliingia bandarini kwa boti ndogo kukagua na kuharibu injini za meli za Kijerumani. Daktari wa jeshi lao la majini, E. C. Holtom, alipanda Tabora kuona kama kweli ni hospitali. Wajerumani wakafyatua risasi kutoka ufukweni, boti zikakimbia, daktari akabaki. Alikaa mateka karibu miaka miwili. Mji wa Tabora ndio uliokuja kukusanya mateka wengi wa Ulaya waliokamatwa katika koloni hilo, na walifunguliwa Wabelgiji walipouingia tarehe 19 Septemba 1916.

Meli yenyewe haikufika siku hiyo. Machi 1916 manowari za Uingereza ziliipiga mizinga ikiwa bandarini, ikazama. Umri wake ulikuwa miaka minne. Kati ya hiyo, iliyotumika kwa kazi iliyotengenezewa haizidi miwili. Hata meli kubwa za abiria zilizookoka vitani hazikudumu sana. Mauretania ya Waingereza, iliyokuwa na kasi kuliko zote kwa miaka mingi, ilianza safari mwaka 1907 na kufikia 1935 ilikuwa ikipelekwa kukatwakatwa. Meli ya aina hiyo ilitegemea abiria matajiri, makaa mengi na fedha za dola. Abiria wakipungua au dola ikianguka, hakuna anayeihitaji.

Vita vya Ziwa Tanganyika vimeandikwa mara nyingi, na vimetiwa chumvi za kutosha katika riwaya na filamu, kwa hiyo nitavipita haraka. Götzen ilifungwa mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoangamizwa Rufiji Julai 1915, ikawa na nguvu kuliko chombo chochote ziwani. Waingereza walileta boti mbili za mbao, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini kwa reli na kwa kuvutwa kupita milima ya Kongo. Desemba 1915 waliteka boti ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Hawakuthubutu kuivamia Götzen. Baadaye mzinga wake mkubwa uliteremshwa kwa ajili ya vita vya nchi kavu, na mahali pake pakawekwa wa mbao wa kutishia. Ndege za Wabelgiji zilikuja kuipiga Kigoma mabomu, majeshi yao yakawa yanashuka kutoka kaskazini, na kamanda wa Kijerumani Gustav Zimmer akaamua meli isiangukie mikononi mwao.

Hapa tusimame kidogo, kwa kuwa uamuzi wa siku chache hizo ndio uliotuletea Liemba. Wale mafundi walioiunganisha waliambiwa waizamishe. Wangeweza kuilipua. Badala yake waliipaka mitambo grisi nzito kila pembe: silinda, mikono ya injini, mihimili, kila kiungo ambacho kutu ingeweza kukishika. Kisha tarehe 26 Julai 1916 wakaishusha taratibu kwenye maji ya kina kifupi karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, kusini mwa Kigoma. Ziwa lile lina kina kinachofikia mita 1,470. Kama wangeisukuma mbali kidogo tu, leo isingekuwapo. Bila shaka walitumaini kwamba Ujerumani ingerudi kuichukua. Haikurudi, lakini fundi aliyeipaka grisi injini iliyokuwa inakwenda chini ya maji alifanya jambo la kuheshimiwa, hata kama bendera aliyoitumikia haikuwa ya haki.

Wabelgiji waliiibua, ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920. Waingereza, waliokwisha kukabidhiwa Tanganyika, waliiinua Machi 1924. Walipofungua mitambo walikuta boila na injini vinaweza kufanya kazi. Tarehe 16 Mei 1927 ilirudi kwenye huduma kwa jina la Liemba, jina la ziwa ambalo Livingstone aliliandika alipofika upande wa kusini mwaka 1867. Injini zilizokaa chini ya maji kwa miaka kadhaa ziliendelea kuisukuma meli kwa mvuke hadi miaka ya 1970, zilipotolewa na kuwekwa za dizeli.

Mwaka mmoja baada ya Liemba kurudi, mwaka 1928, reli ya kutoka Tabora kupitia Bukene ilifika Mwanza. Tangu hapo mtu wa Bukene aliweza kukata tiketi kwenda maziwa yote mawili. Liemba haikuwa meli ya kampuni ya mbali kama ile Tabora. Ilikuwa mali ya shirika la reli. Iliendeshwa na reli za Tanganyika, kuanzia 1948 na Reli na Bandari za Afrika Mashariki, na jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 ikawa ya Shirika la Reli Tanzania. Treni ya Kigoma iliileta shehena na abiria hadi gatini, meli ikaendeleza safari hadi Mpulungu, Zambia. Dagaa na migebuka waliokaushwa walipanda kaskazini kwa meli na kushuka mashariki kwa mabehewa. Ndiyo maana sokoni Tabora samaki wa Ziwa Tanganyika ni wa siku zote, ingawa ziwa liko mbali.

Kati ya Kigoma na Mpulungu vijiji vingi havikuwa na gati. Karema, Kipili, Kirando, Wampembe, Kala: kwa miaka mingi meli ilisimama mbali na ufukwe, mara nyingi usiku wa manane, ikapiga honi. Mitumbwi na boti za mbao zilikuja mbio zikibanana ubavuni, kila moja ikitaka kufika kwenye mlango wa kwanza. Mtu alisubiri wimbi liinue boti, ndipo aruke ndani. Mtoto alipokelewa na mikono ya asiyemjua. Magunia ya mahindi, madumu ya mawese na mashada ya nanasi yalipandishwa kwa winchi na nyavu, huku wenye mali wakipaza sauti wasije wakapotezewa. Wajawazito waliokwenda hospitali walipita mlango huohuo. Hakukuwa na barabara. Nyuma ya vijiji hivyo milima huanguka moja kwa moja ziwani.

Kazi kubwa kuliko zote ya meli hii, kwa maoni yangu, haikufanyika enzi ya mizinga. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuangushwa, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliikodi kurudisha wakimbizi wa Kongo nyumbani. Mei 2015, machafuko ya Burundi yalipowafukuza watu, makumi ya maelfu walijikuta Kagunga, kijiji cha wavuvi mpakani, kwenye kipande chembamba cha ufukwe chini ya mlima. Kipindupindu kilizuka. Hakukuwa na barabara ya kuwaondoa. Liemba ilikwenda na kurudi, ikichukua watu wapatao 600 kila safari, wengi wao wakipandishwa kutoka kwenye mitumbwi kama abiria wa siku zote, ikawashusha Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Meli iliyotengenezwa ili kusafirisha askari na mali za mkoloni ilikuwa na umri wa miaka 100, na ndiyo iliyowaokoa watu hao.

Wapo wanaouliza kama ni busara kuendelea na chombo kizee. Swali ni la haki, hasa kwetu tulio upande wa reli ya Mwanza, ambao tunaikumbuka tarehe 21 Mei 1996. Siku hiyo meli ya MV Bukoba ilipinduka Ziwa Viktoria karibu na Mwanza ikaua mamia ya watu, na haikuwa imefikisha hata miaka 20. Umri haukuiua. Ilikuwa na matatizo ya uthabiti yaliyojulikana, na siku ile ilibeba watu kuliko kiasi. Liemba iliishi kwa sababu ilijengwa kwa chuma kizuri, maji ya ziwa hayana chumvi ya kuila, na kila kizazi cha mafundi wa Kigoma kilipokea kazi kwa kizazi kilichotangulia. Palipokuwa na uangalizi, meli ilisafiri. Fedha za matengenezo zilipochelewa, ilisimama, na ikisimama, mkulima wa Wampembe hulipa kwa kupanda boti ya mbao yenye injini ndogo kwenye ziwa lenye dhoruba.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 ilipotengwa na reli na kuwekwa chini ya kampuni ya umma ya huduma za meli, uhusiano wa treni na meli umelegea. Kwangu mimi hasara hiyo inapita hata ile ya kupotea kwa mvuke. Ukarabati mkubwa ulioamuliwa na Serikali ni jambo jema, lakini injini mpya pekee hazitoshi. Bandari ya Karema imejengwa, gati zimeongezeka, na reli ya kisasa inajengwa kutoka Tabora kwenda Isaka na kutoka Tabora kwenda Kigoma. Ratiba ya meli ipangwe pamoja na ya treni tangu mwanzo, na mzigo uandikwe kwa hati moja, ili mchele unaopakiwa Bukene upokelewe Kasanga au Mpulungu bila mwenye nao kulala Kigoma wiki mbili akilinda magunia yake.